Uliza Fundi: Amri mbili kazi moja, tufute au tuache?

SWALI: Fundi, salaam. Mimi nafundisha kompyuta sekondari hapa Morogoro. Mimi na wenzangu tulitengeneza lugha ndogo ya programu ya kuwafundishia wanafunzi, maneno yake yote ya Kiswahili, tumeiandika kwa Python na inasambaa kwa flashi maana shule nyingi tunakoipeleka hakuna intaneti. Shida ni kwamba imekua bila mpangilio, kila mtu alikuwa anaongeza anachokipenda. Kuna "andika" na "chapisha", zote zinaonyesha maneno kwenye skrini, tofauti hakuna hata kidogo. Kuna "ikiwa" na "kama", zote za sharti. Lupu, yaani amri za kurudia kazi, zipo tatu, "rudia mara", "wakati" na "kwa kila". Halafu kuna "pokea_namba", wakati ukitumia "pokea" ya kawaida ukaigeuza kwa "namba" unapata kitu kilekile. Sasa tunaandaa toleo la pili, mmoja wetu anataka tufagie vyote vinavyojirudia, mwingine anasema tusiguse chochote. Tumebishana mpaka watu wameanza kununiana. Unatushaurije?

JIBU: Mwalimu, salaam na hongereni sana kwa kazi hiyo. Na msinuniane jamani, ubishi huu umewagawa hata walioandika lugha zinazotumiwa na dunia nzima, kwa hiyo hamko peke yenu.

Msimamo wangu niuweke mapema. Amri kuwa na mwenzake sio kosa la kutosha kuifuta. Mnatakiwa mjue ikibaki inamuumiza nani na ikiondoka nani atalipa, kwa sababu mara nyingi anayelipa ni mtu ambaye hayupo kwenye kikao chenu, yupo shule ya mbali na flashi ya mwaka juzi na notisi alizotoa fotokopi kwa hela yake.

Tuanze na Python kwa sababu ndo mmeijengea juu yake na kwa sababu wenyewe wamepitia hilihili hadharani. Toleo 3.0 lilitoka tarehe 3 Desemba 2008, na moja ya malengo lilikuwa hilohilo la huyo mwenzenu, kufagia vinavyojirudia. Zamani kusema vitu viwili haviko sawa ulikuwa na alama mbili, != na <>, wakaifuta <>. Kulikuwa na has_key ya kuangalia kama kitu kimo kwenye kamusi, wakati neno in linafanya kazi hiyohiyo tena kwa kifupi, has_key ikaenda. Kulikuwa na alama ndogo za kufungia kitu ili kigeuke maandishi, kazi ileile ya repr(), nazo zikaenda. Leo hakuna anayevililia hivyo vitatu, na kila kimoja kilikuwa na mbadala ambao tayari unafanya kazi kwenye Python 2, yaani mtu aliweza kurekebisha faili zake mapema, akiwa bado kwenye toleo la zamani, na zikaendelea kutembea. Hiyo ikumbukeni, nitairudia chini.

Sasa angalieni vilivyofutwa halafu vikarudi. Kwenye Python 2 ukitaka maandishi ya Unicode, yaani mfumo unaobeba herufi za lugha zote, unaweka herufi u mbele ya alama za kunukuu. Python 3 ikafanya maandishi yote kuwa Unicode, kwa hiyo ile u ikawa haina kazi kabisa, ni ziada tupu, wakaitoa. Kilichotokea ni kwamba wenye maktaba zinazotakiwa zifanye kazi pande zote mbili, ya 2 na ya 3, wakakosa njia ya moja kwa moja ya kuandika maandishi ya Unicode yakakubalika kote, ikabidi wazungukezunguke, na wengine wakaamua wasihame kwanza. Armin Ronacher, ndo huyo aliyeandika Flask, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, akapeleka pendekezo la kuirudisha, PEP 414, likakubaliwa, na toleo 3.3 la Septemba 2012 likaja na u tena. Haifanyi chochote hiyo u mpaka leo. Ipo ili faili la zamani lisigome. Na callable(), ya kuangalia kama kitu kinaweza kuitwa kama fankisheni, pia waliitoa 3.0 wakaona watu wanateseka bure wakairudisha 3.2. Kwa hiyo ziada inaweza kuwa haina kazi ndani ya lugha lakini ikawa na kazi kubwa kwa watu wanaohama, na hilo ukikaa na orodha ya amri tu hulioni, unaliona ukikaa na watu wanaozitumia.

Na kuhama kwenyewe kulichukua muda kuliko walivyotegemea. Mwisho wa Python 2 ulipangwa 2015, wakasogeza mpaka tarehe 1 Januari 2020. Miaka zaidi ya kumi na moja tangu 3.0 itoke, na hao walikuwa na madevelopa wa kulipwa, walikuwa na zana ya 2to3 ya kubadilisha faili, walikuwa na intaneti usiku na mchana. Nyie mna flashi.

Lakini huyo mwenzenu anayetaka kufagia msimpuuze, ana hoja ya kweli. Amri mbili za kazi moja zina gharama hata kama hazigombani, mwanafunzi anayeandika anaweza kuchagua moja akasahau nyingine, ila anayesoma programu ya mwenzake hana uchaguzi, itabidi azijue zote. Mwanafunzi wa kwanza atauliza tofauti ya andika na chapisha, utamwambia hakuna, hatakuamini, atakaa anaitafuta, na muda huo ndo alitakiwa awe anajifunza lupu. Angalieni C++ ilivyofika, kuipa variable thamani ya kwanza tu kuna njia kadhaa, kwa alama ya sawa, kwa mabano ya kawaida, kwa mabano ya mawimbi, na zinatofautiana kidogokidogo mahali ambapo mgeni hawezi kupaona. Lugha isiyotoa kitu chochote inamhamishia mzigo anayeanza leo, na kwa lugha ya kufundishia huyo anayeanza ndo mwenye lugha.

Sasa niende amri kwa amri maana zenu hazifanani kabisa ingawa mmeziweka kapu moja.

Pokea_namba. Hii hamkuniambia inafanya nini mtoto akiandika herufi badala ya namba, na jibu hilo ndo linaamua kila kitu. Kama inasimama na kumwambia "hii sio namba", iacheni, ni njia fupi nzuri kwa anayeanza. Kama inakubali kimyakimya na kuweka sifuri, basi iondoeni au irekebisheni haraka sana, hata kama ingekuwa haina mwenzake. Mfano mkubwa ni gets ya lugha ya C. Ilikuwa inasoma mstari kutoka kwa mtumiaji bila kuuliza nafasi iliyotengwa inatosha herufi ngapi, kwa hiyo mtu akituma mstari mrefu unamwagikia kwenye kumbukumbu ya jirani. Novemba 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe na ulioangusha kompyuta nyingi za intaneti ya wakati ule ulitumia humohumo kama njia mojawapo, kwenye programu ya finger iliyokuwa inatumia gets. Mbadala wake, fgets, ulikuwepo siku zote, lakini gets ilikuja kufutwa rasmi kwenye kiwango cha C cha 2011, miaka 23 baadaye. Hapo mimi nasema walichelewa mno. Kitu ambacho hakuna namna ya kukitumia salama hakistahili heshima ya uzee.

Lupu tatu, hizi msiziguse. Najua hoja, kwamba kila unachofanya kwa "rudia mara" unaweza kukifanya kwa "wakati" na kihesabio, ni kweli. Ila ukiona "rudia mara 10" umeshajua itakwisha lini bila kusoma kilichomo ndani, ukiona "wakati" inabidi usome mpaka mwisho uone sharti litavunjika vipi. Zinamwambia msomaji vitu tofauti. Guido van Rossum mwenyewe, mwanzilishi wa Python, mwaka 2005 aliandika kwamba anataka kuondoa lambda, map, filter na reduce, zana za kuandika fankisheni fupi na kuchakata orodha, kwa sababu zina njia nyingine, watu wakapinga sana, mwisho lambda, map na filter zikabaki na reduce ikahamishiwa kwenye moduli ya functools, anayeihitaji anaiita huko. Kuhamisha hivyo ni njia ya katikati ambayo huwa inasahaulika, kitu kinatoka mezani bila kutupwa, na nyie mnaweza kuitumia siku mkiwa na maktaba.

Andika na chapisha, hizi ndo ziada halisi. Swift, lugha ya programu ya Apple, walikuwa na jambo la namna hii, alama ya ++ ya kuongeza moja waliirithi kutoka C wakati += 1 ipo, na lupu ya for ya mtindo wa C wakati for-in ipo. Chris Lattner, mwanzilishi wa Swift, alipopeleka pendekezo la kuondoa ++ aliweka kipimo ambacho mimi nakipenda sana: tungekuwa hatuna kitu hiki leo, je, tungekiongeza? Jibu likawa hapana. Toleo 2.2 la Machi 2016 likaanza kutoa onyo, toleo 3 la Septemba mwaka huohuo likavitoa. Lakini Swift ilikuwa changa na ilikuwa tayari imewaambia watu wake kwamba toleo 3 litavunja vitu vingi, kwa hiyo watu walijiandaa. Kipimo chake kichukueni, kasi yake msiichukue. Chagueni moja, mimi ningechagua andika kwa sababu ni fupi, halafu kuanzia toleo la pili chapisha isionekane kwenye kitabu wala kwenye mfano wowote, ila ikiandikwa ifanye kazi na itoe onyo kwa Kiswahili kinachoeleweka: "chapisha itaondolewa, tumia andika, mstari wa 7". Onyo liseme cha kufanya na mstari wenyewe, sio kulalamika tu.

Ikiwa na kama (mimi ningebaki na ikiwa) nimeiacha mwisho kwa sababu hapo kuna mtego. Mkiona mnaweza kulitumia "kama" kwa jambo jipya baadaye, mtashawishika kulinyang'anya maana ya zamani ili mlipe mpya. Hilo ndo baya kuliko kufuta. Amri iliyofutwa inagoma, mtoto anaona kosa, anamuuliza mwalimu. Amri iliyobadilishwa maana inaendelea kufanya kazi ila inatoa jibu lingine, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo mkitaka kulichukua neno hilo, kwanza listaafu kabisa, lipitishe toleo zima likiwa linagoma, ndipo mlipe kazi mpya. Python walipoongeza match kwenye toleo 3.10 la 2021 walikuta watu kibao wana variable inayoitwa match na hata maktaba yao wenyewe ina re.match, wakalifanya liwe amri pale tu linapokaa mahali pake, kwingine kote linabaki jina la kawaida. Linganisheni na async, toleo 3.7 la 2018 lililifanya neno la akiba moja kwa moja na maktaba zilizokuwa na kitu kinachoitwa async zikavunjika.

Kuhusu namna ya kufanya, kabla hamjapiga kura tena kusanyeni mazoezi yote mliyonayo, ya kwenu na ya walimu wengine mnaoweza kuwafikia, mtafute kila amri imetumika kwenye faili ngapi. Ni kazi ya mchana mmoja na inaua nusu ya ubishi. Inawezekana mkakuta chapisha iko kwenye kila notisi mkaona hamna jeuri ya kuigusa mwaka huu. Halafu andikeni programu ndogo ya kubadilisha, inasoma faili la zamani inatoa jipya, mwalimu anabofya mara moja. Wenye lugha ya Go walifanya hivyo kabla ya Go 1 ya Machi 2012, lugha ilikuwa inabadilikabadilika na zana yao ya gofix ikawa inarekebisha faili za watu, na baada ya Go 1 wakaahidi kutovunja tena.

Na kitu ambacho ningekifanya leo hiihii ningekuwa nyie, ruhusuni mstari wa kwanza wa faili useme "toleo 2". Faili lisilo na mstari huo lisomwe kwa sheria za zamani. Wenye lugha ya Rust wanafanya jambo linalofanana na hilo tangu walipoleta matoleo ya 2018, 2021 na 2024 juu ya lile la 2015, kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha kwa kompyuta, ni moja inasoma yote, na programu ya mwaka 2021 inaita maktaba ya 2015 bila shida. Hapo anayetaka usafi anapata usafi kwenye faili mpya, anayetaka amani anapata amani kwenye faili za zamani, na kwenye flashi yenu kunabaki faili moja tu la kusambaza.

Muda nao. Msitoe toleo la pili katikati ya muhula. Litoke Novemba au Desemba, walimu walikute kabla ya Januari. Na ile niliyosema nitairudia: mbadala lazima ufanye kazi kwenye toleo la kwanza pia. Andika na ikiwa tayari zipo humo, kwa hiyo kuanzia kesho mwalimu yeyote anaweza kurekebisha notisi zake bila kusubiri toleo jipya, mwambieni tu.

Kuondoa kabisa? Wenye lugha kongwe ya Fortran waliitaja IF ya hesabu, ile inayoruka kwenye namba tatu za mistari, kuwa imepitwa kwenye kiwango cha Fortran 90, wakaifuta kwenye Fortran 2018, na mpaka leo kompaila kubwa bado zinaikubali kwa sababu kuna programu za sayansi za miongo mingi bado zinatembea. Nyie hamna haja ya kusubiri hivyo, ila mkipitisha miaka miwili mitatu na onyo, kisha mkaikuta chapisha haionekani tena kwenye mazoezi, ifuteni kwa amani.

SWALI: Fundi habari. Mteja wangu ana duka la vipuri Mombasa, website yake niliunda 2012 kwa PHP, kampuni ya hosting ikaapdeti seva bila kunipigia, sasa kila ukurasa unasema mysql_connect haijulikani. Mbona PHP wanaondoa vitu vinavyofanya kazi? Na nirekebisheje haraka?

JIBU: Ndugu yangu pole, najua mteja anakupigia kila saa. Hizo fankisheni za mysql_, za kuunganisha tovuti na database, zilianza kutolewa onyo kwenye PHP 5.5 mwaka 2013 zikafutwa kwenye PHP 7.0, Desemba 2015. Na hapo mimi niko upande wa PHP kabisa. Mysqli ilikuwepo tangu PHP 5 ya 2004, PDO nayo ikafuata, na ile ya zamani haikuwa na maswali yaliyoandaliwa, yaani njia ya kutenganisha amri ya SQL, lugha ya kuuliza database, na maneno anayoandika mteja. Watu wakawa wanaunganisha tu maandishi na wezi wakawa wanapitisha SQL yao kwenye fomu ya login. Hiyo ni ziada yenye madhara. Fananisha na sizeof na count, au join na implode, hizo ni jina na lakabu yake, zipo miaka yote na PHP hawajazigusa kwa sababu hazimdhuru mtu.

Kurekebisha usifanye tafuta-badilisha ya jina tu, utaumia, kwa sababu mysql_query ilikuwa inapokea swali kwanza kisha muunganisho tena kwa hiari, mysqli_query inataka muunganisho kwanza na ni lazima. Na mysql_result haina mwenzake wa moja kwa moja. Kama hosting wanakuruhusu kurudisha PHP 5.6 kwa muda, rudisha ili duka lifunguke, ila usikae humo, ulinzi wake uliisha Desemba 2018. Weka muunganisho kwenye faili moja, anza na login na ukurasa wa oda, hizo zipeleke moja kwa moja kwenye prepare na bind_param, kurasa za kuonyesha bidhaa zifuate.

SWALI: Shikamoo Fundi. Najifunza Python, nakuta alama ya %, nakuta .format, nakuta f mbele ya maandishi, zote zinafanya kazi moja. Nijifunze ipi, na hizo nyingine zitafutwa lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Andika ya f, ilikuja na toleo 3.6 mwaka 2016 na ndo inasomeka vizuri kuliko zote. Ila ujue kuzisoma zote tatu. Walipotoa 3.0 waliandika kabisa kwamba .format ndo itabaki peke yake na % itaanza kutolewa onyo toleo linalofuata, haikutokea, watu walikuwa na % kila mahali, na 3.5 wakairudishia hata bytes, yaani data ghafi isiyo maandishi. Sijaona dalili ya kuifuta. Moduli ya logging, ya kuandika kumbukumbu za programu, yenyewe inatumia % mpaka leo, na hapo inasaidia kwa sababu ujumbe hauungwi mpaka uwe unaandikwa kweli. Sentensi zinazotakiwa kutafsiriwa lugha nyingine usitumie f, kwa sababu thamani inaingia kabla mtafsiri hajaiona sentensi, hapo tumia .format. Na swali la SQL usiliunge kwa yoyote kati ya hizo tatu, weka alama ya nafasi na uipe database thamani pembeni, tatizo ni lilelile la ndugu wa Mombasa hapo juu.